Mstari wa Nne

Makao Makuu, Chumba cha Kompyuta
4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua ukiona barua nene kutoka kwangu utadhani naolewa. Siolewi. Ni mambo ya kazi, na nimeandika kwa mkono kwa sababu ule mtambo wa sahani ulio juu ya paa la kituo chako unapitisha habari za wagonjwa peke yake, hata salamu ya neno moja haupitishi. Simu nazo huko kwenu ni pambo. Basi nimemkabidhi Dereva wa gari la dawa.

Nianze na la heri. Ile kazi niliyokuwa nikiilalamikia mwaka mzima nimeimaliza. Nilikueleza kwamba yule aliyeandika programu yetu ya kusajili wazazi kabla yangu alilishonea neno la siri la hifadhidata ndani ya programu yenyewe, hapa na pale na kule tena, kama mtu aliyeficha funguo kwenye kila mto wa kochi. Ukitaka kulibadilisha, sharti ufumue programu nzima. Nimeyang'oa yote. Nilianza na kompyuta mpya za vituoni kama yenu, nikamalizia na za hapa, na sasa kila kompyuta ina faili moja dogo la mipangilio, mistari minne tu: seva iko wapi, hifadhi ni ipi, mtumiaji ni nani, neno la siri ni lipi. Programu ikiamka inasoma faili hilo, inajua iende wapi na ibishe hodi kwa jina gani. Mkurugenzi alinipa mkono mbele ya watu wote, nami nikajifanya nimezoea.

Sasa la shari. Bodi itakaa tarehe 20 Machi kuamua vituo gani vya uzazi vifungwe kwa kukosa wagonjwa. Nimeiona orodha. Kituo chako kimo, Dada. Tangu mlipowekewa kompyuta, hifadhidata haina hata mama mmoja kutoka kwenu. Safu nzima ni sifuri.

Nakuuliza kama mdogo wako, si kama ofisi: mnaingiza kweli? Ulishasema mikono yako ni ya kupokea watoto, siyo ya kubonyezabonyeza. Lakini wakikifunga, wanawake wa huko juu watateremka kwa miguu hadi hospitali kubwa, na wewe unajua kuliko mimi wangapi watazalia njiani. Kama kuna uzembe wa mtu hapo, niambie mapema nione la kufanya.

Mdogo wako,
Kitinda


Kituo cha Uzazi
11 Februari

Kitinda,

Marahaba. Dereva alinikabidhi barua yako huku akinipa pole ya kufungiwa kituo, na bahasha sijaifungua bado. Nilimuuliza amejuaje. Akasema gundi ya siku hizi haina nguvu. Kwa hiyo elewa kwamba tunaandikiana watatu.

Uzembe. Mimi nilikuwa napokea watoto wa watu kabla wewe hujajua kushika penseli, leo unaniandikia uzembe. Haya, nimemeza. Nikutapikie ukweli.

Hapa hakuna mama anayeondoka bila kuingizwa. Muuguzi anasoma kadi, mimi nabonyeza kwa vidole vyangu hivi viwili, polepole, lakini nabonyeza. Mashine inaandika "Imehifadhiwa" na kuweka alama ya kijani. Wiki iliyopita tulikuwa na mtoto aliyetanguliza makalio, alitutoa jasho asubuhi nzima, na mama yake kabla chai haijapoa alikuwa ndani ya mashine. Juzi tulipata mapacha. Mama yao aliomba aone jina lake kwenye skrini, tukamwonyesha, akaliangalia kwa muda mrefu kama mtu anayetazama picha yake. Hao wote unaniambia ni sifuri?

Na wanaonekana. Nikitafuta mama yeyote wa hapa namkuta. Nawaona hata wa vituo vingine, wenye majina ya ajabu kidogo, lakini nani mimi wa kucheka jina la mtu. Kuna mmoja anaitwa Mama Sufuria, kajifungua mtoto wa kilo arobaini. Nilimhurumia sana huyo mwanamke.

Kwa hiyo tafuta huko huko kwenu. Kama mmekula njama ya kutufunga, mje mtuambie usoni, msijifiche nyuma ya sifuri. Nimewaahidi wanawake wa huku kwamba mlango huu haufungwi nikiwa hai, na sijawahi kumdanganya mwanamke aliye kwenye uchungu.

Dadako,
Mkunga


Makao Makuu
18 Februari

Dada,

Shikamoo, na naomba radhi kwa lile neno. Nilipofika kwenye Mama Sufuria nilicheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaja kuniuliza kuna nini, kisha kicheko kikanikauka. Mama Sufuria namjua. Hayupo duniani. Tulimbuni sisi wenyewe kwenye darasa la mafunzo ili watu wajifunze kuingiza majina bila woga, na zile kilo arobaini aliziandika Mkurugenzi kwa mkono wake. Wewe hupaswi kumwona. Kama unamwona, nahisi najua mama zako walikoenda, lakini sitaki kusema kabla sijahakikisha.

Nisaidie jambo moja. Washa kompyuta. Fungua folda yenye jina la programu, humo utaona faili linaitwa "mipangilio". Libofye mara mbili. Litakuwa na mistari minne niliyokueleza. Ninakilie mistari mitatu ya kwanza kama ilivyo, kila herufi. Wa nne ndio wenye neno la siri, huo usininakilie hata ukiombwa na rais. Neno la siri haliandikwi kwenye barua, na sasa tunajua Dereva ni msomaji mzuri. Ukimaliza funga bila kubadilisha kitu.

Usiogope kuliharibu. Kulisoma peke yake hakuharibu.

Kitinda


Kituo cha Uzazi
25 Februari

Kitinda,

Marahaba. Kuogopa nini? Nimewahi kumgeuza mtoto tumboni kwa viganja hivi, nitaogopa faili?

Haya, mistari yako:

seva = makao-makuu
hifadhi = mazoezi
mtumiaji = mwanafunzi

Wa nne sikuandikii. Nitasema tu kwamba Dereva hahitaji kuiba siri, angeikisia mwenyewe akiwa anabadilisha gia.

Nilipoiona hiyo "mazoezi" niliketi. Aliyetuwekea kompyuta ni Fundi Mitambo wenu. Alikuja na gari lililokuwa linaunguruma nje, akatuonyesha namna ya kuingiza majina, tukaingiza ya utani, tukacheka, akasema mko tayari, akaondoka kwenda kituo kinachofuata kabla sijamaliza kumshukuru. Hakubadilisha kitu. Ina maana tangu siku ile tumekuwa tukiandika wanawake wa kweli kwenye daftari la michezo, mapacha wangu wamelala pamoja na Mama Sufuria?

Sijui kompyuta lakini najua mtoto akizaliwa salama halafu akapotezwa na karatasi, amepotea. Niambie wapo. Muuguzi ananiuliza kila asubuhi na mimi namjibu kwa sauti kubwa kuliko uhakika nilio nao.

Dadako


Makao Makuu
4 Machi

Dada,

Shikamoo. Wapo.

Nimeandika hilo kwanza ili uvute pumzi. Wapo wote. Hifadhi ya mazoezi hufutwa kabla ya kila darasa jipya, na darasa halikuwa limefanyika tangu ziara ile ya Fundi Mitambo kwa sababu bajeti iliota nyasi. Lingeanza Jumatatu hii. Nilikimbia kwenye korido nimevaa kiatu kimoja, maana kingine kilikuwa chini ya meza, nikazuia ufutaji dakika za mwisho na kunakili kila kitu. Kila rekodi ina alama ya mashine iliyoiandika. Nikachuja kwa alama ya mashine yenu na wakashuka mmoja baada ya mwingine, mapacha, yule wa makalio, wote, kwa mwandiko wako wa vidole viwili usiokuwa na kosa hata moja. Niliyasoma majina yao kwa sauti peke yangu.

Nilimpelekea Mkurugenzi nikidhani nimemaliza. Hakunivunja moyo, lakini hakulegea. Alisema Bodi itauliza nani anathibitisha kwamba hao si wa utani kama wenzao. Akanipa sharti: mashine yenu iunganishwe na hifadhi halisi na iandike mama mmoja wa kweli kabla ya kikao. Alama ikifanana na ya zile za zamani, zote zitahamishwa na kuhesabiwa. Nikamwomba fundi. Akasema hatutumi fundi kwenye kituo kilicho kwenye orodha ya kufungwa. Nikaomba likizo nije mwenyewe. Akasema baada ya kikao.

Kwa hiyo fundi ni wewe. Na hapa ndipo ninapojipigia makofi: lau programu ingekuwa ile ya zamani, usingeweza. Ingebidi kuifumua. Sasa ni mistari mitatu tu ya kubadilisha kwenye faili. Wa pili andika: hifadhi = uzazi. Wa tatu: mtumiaji = kituo-cha-juu. Wa nne ndio mtihani.

Siwezi kukuandikia neno la siri. Hifadhi halisi ina habari za wanawake wote, nani alipoteza mimba, nani ana ugonjwa gani asiotaka mumewe ajue. Neno hilo likisomwa njiani, wote hao wamesomwa. Kwa hiyo nimechagua la kwenu ambalo ni mimi na wewe tu duniani tunalijua, na sasa nakuelekeza. Ni jina ambalo marehemu Mama alikuwa akimwita marehemu Baba akifurahi naye. Herufi ndogo zote, bila nafasi, na mwishoni mwaka niliozaliwa.

Tahadhari moja: ukikosea mara tatu, mlango unajifunga, na kuufungua kunahitaji saini ambayo haitapatikana kabla ya Bodi. Lakini hutakosea. Nani atakosea jina hilo?

Kitinda


Kituo cha Uzazi
11 Machi

Kitinda,

Dereva anashusha maboksi na ana haraka, kwa hiyo nitaandika kwa kifupi.

Mstari wa pili na wa tatu imekaa. Nikaandika jina. Limekataa. Nikadhani nimekosea herufi, nikaandika tena, Muuguzi akinisomea moja moja. Limekataa. Imebaki mara moja na nimeondoa mkono kwenye kibodi kama sahani ya moto.

Una hakika tunazungumzia baba yule yule? Mama aliacha kumwita Baba jina lolote la furaha nikiwa bado nasoma shule.

Dadako


Makao Makuu
15 Machi

Dada,

Shikamoo. Baba yupi tena? Tulikuwa na wangapi?

Nimeisoma barua yako nikakosa la kushika. Jana niliingia kwa Mkurugenzi kuomba nikupitishie neno hilo kwa njia nyingine, yoyote, na akanikumbusha kanuni ya kutoandika siri, ambayo niliitunga mimi mwenyewe na yeye akaitia saini. Nimejifungia kwa kufuli langu.

Gari litafika kwako tarehe 18 na Bodi ni tarehe 20. Nitakueleza mpaka pale ninapoweza, bila kulitaja. Mama alilisema kila jioni, Dada, kila jioni ya Mungu. Ilikuwa wakati anampelekea chai pale barazani. Baba akilisikia alikuwa ananyoosha kola ya shati, hata siku ambazo amevaa fulana isiyo na kola, na Mama anacheka mpaka anaegemea mlango. Nilikua nikidhani kila nyumba wanafanya hivyo. Siamini kwamba hukuwahi kulisikia.

Ukilikumbuka, liandike. Usipokuwa na hakika, usiandike, afadhali nipigane na Bodi kwa njia nyingine. Nakuamini wewe, lakini naogopa.

Kitinda


Kituo cha Uzazi
18 Machi

Mdogo wangu, kipenzi changu, fundi wangu,

Limefunguka.

Limefunguka, na Dereva amepiga honi mara kadhaa mpaka akachoka akaingia ndani, sasa amekaa kwenye benchi la wajawazito anakunywa uji. Akae. Leo siandiki kwa kifupi.

Barua yako niliisomea wodini nimesimama. Nilipofika kwenye chai na kola nilitaka kukasirika. Wewe una jioni za Mungu, mimi sina. Nikueleze kitu ambacho tulikubaliana wakubwa wote usiambiwe. Nilipokuwa na umri wa kuanza kujitazama kwenye kioo, Baba aliondoka. Hakwenda kazini kama ulivyoambiwa. Aliondoka, miaka, bila barua wala salamu. Kabla ya hapo Mama alikuwa na jina lake kwa Baba, jina zuri, na ndilo nililoliandika mara zote mbili. Hilo siliandiki hapa. Lilikuwa la nyumba niliyokulia mimi na bado linanichoma kidogo.

Kisha akarudi. Mama akampokea, ukazaliwa wewe, na mimi nikafunga sanduku nikaenda chuo cha ukunga nimenuna. Nilirudi nyumbani mara moja tu wakiwa wazima wote wawili, wewe ukiwa unatambaa. Jioni Mama alitoka na kikombe akamwambia, "Bwana harusi, chai yako inapoa." Nikasikia sindano ndani yake. Nilijua, kwa hakika kabisa ya msichana aliyenuna, kwamba Mama anamkejeli mwanamume aliyeitupa ndoa yake, na kwamba anamkejeli hivyo kila siku ili amlipishe deni lake pole pole. Nilimwonea Mama huruma kwa kuishi na uchungu huo. Kesho yake niliondoka, na kutoka hapo nilikuwa natuma salamu tu.

Leo nimesimama na barua yako nikajaribu kuisikia upya sauti ile. Mwanamke anayekejeli haegemei mlango kwa kicheko. Nimeona wanawake wa kila namna wakiwaita waume zao majina ya kila namna kwenye mlango wa wodi hii, na ninajua kicheko cha kuchoma kikoje na cha kupenda kikoje. Ni kwamba siku ile sikuwa mkunga. Nilikuwa mtoto wa mtu.

Nikamwambia Muuguzi anisogezee kiti. Nikaandika bwanaharusi, nikaandika mwaka wako, nikamwomba atazame pembeni, na mimi mwenyewe nikafumba macho nikabonyeza.

Nilipofumbua, skrini ilikuwa nyeupe na safi. Nikaandika Mama Sufuria kwenye sehemu ya kutafuta. Ikasema hayupo. Kitinda, sijawahi kufurahi hivyo kwa mwanamke kutokuwepo.

Na mama wa kweli tulikuwa naye, amejifungua alfajiri ya leo, binti wa Fundi Cherehani, mtoto wa kike, kilo tatu na nusu, mguu wa kushoto unapiga mateke kuliko wa kulia. Nimewaingiza wote wawili kwa vidole viwili. Imehifadhiwa. Alama ya kijani ni ile ile ya zamani lakini mimi naiona kijani zaidi. Muuguzi alipiga vigelegele mpaka wodi yote ikaitika, hata wasiojua kwa nini.

Nimekaa hapa namkumbuka Mama, na sina hasira. Imeondoka. Miaka yote nilidhani alikuwa akiishi na uchungu, kumbe alikuwa anachekea barazani. Nimelia vizuri, siyo vibaya.

Wapiganie Bodi.

Dada yako


Makao Makuu
21 Machi

Dada,

Shikamoo, shikamoo tena, na shikamoo ya tatu ya kesho.

Tarehe 18 mchana nilikuwa nimeketi mbele ya skrini tangu asubuhi, sili, sinywi, mwenzangu wa meza ya pili akinisogezea karanga kama anayemlisha kuku. Safu yenu ilikuwa sifuri. Mara ikawa moja. Halafu mbili. Nilisimama nikagonga goti kwenye meza na bado lina alama. Kilo tatu na nusu. Nilimjua mtoto huyo kabla ya babu yake wa cherehani kuwaambia majirani.

Jana niliitwa mbele ya Bodi. Nilikuwa nimejipanga kusema mambo mengi ya maana na yote yakanipotea, basi nikaunganisha kompyuta na skrini ya ukutani, nikaweka safu yenu pale, nikamwonyesha Mwenyekiti alama ya mashine kwenye rekodi ya binti wa Fundi Cherehani na alama ile ile kwenye za zamani. Mkurugenzi akatoa idhini, nikabonyeza kuhamisha. Safu ikaanza kupanda mbele ya macho yao. Ilipopita namba ya hospitali fulani yenye jengo la ghorofa, mmoja wa wajumbe akavua miwani na kuifuta.

Kisha Mwenyekiti akauliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria: Fundi Mitambo alipotoka kwenu alikwenda wapi? Tukafungua. Vituo vyote vya njia ile, kimoja baada ya kingine, vilikuwa na faili lile lile, hifadhi ile ile ya mazoezi. Alibeba nakala moja akaipanda kila mahali. Karibu orodha nzima ya kufungwa ni watu waliokuwa wakifanya kazi usiku na mchana na kuandika kwenye hewa, nao wote wamo kwenye nakala niliyoiokoa na kiatu kimoja mguuni. Mwenyekiti alichukua ile orodha, akaikunja mara mbili, akaiweka mfukoni mwake, akasema kikao kimeahirishwa na vituo vinabaki wazi. Mkurugenzi alinipa mkono tena, na safari hii hakuuachia haraka. Fundi Mitambo, masikini, anarudi njia ile yote kubadilisha mistari mitatu kila mahali, na kwa idhini yangu kwenu hatafika, maana kwenu imeshafanywa na mtaalamu.

Sasa Baba.

Sikujua aliwahi kumwacha Mama. Nimekaa na habari hiyo tangu barua yako ilipofika asubuhi hii na bado sijui niiweke wapi. Lakini nina kitu ambacho wewe huna, nacho nilikuwa nimekibeba bila kujua uzito wake. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza Mama kwa nini anamwita Baba bwana harusi wakati ana mvi. Akaniambia, "Huyu nimeolewa naye mara mbili, na mara ya pili nilichagua mwenyewe." Nilidhani anatania. Nilisimulia shuleni, tukacheka. Leo ndiyo nimemsikia.

Haikuwa sindano, Dada. Haikuwa hata siku moja.

Mwisho, nina shauri la kazi. Umeliandika neno la siri karibu lote, umebakiza mwaka tu, waziwazi, kwenye barua ambayo imesafiri siku tatu kwenye mfuko wa Dereva. Nilikuta amepiga mstari chini yake kwa kalamu. Kwa hiyo nimeshalibatilisha, na mpaka muwekewe jingine mtaandika kwa kibali cha muda ambacho nakituma kwa njia ya programu yenyewe, njia iliyofunguka baada ya mashine yenu kuunganishwa na hifadhi halisi. Likizo yangu imesainiwa. Nakuja na gari la wiki ijayo. Dereva, ukifika hapa, kiti cha mbele ni changu.

Lile jina la zamani usilitaje kwenye barua. Nataka ndilo likae kwenye mstari wa nne. Utaliandika wewe kwa vidole vyako viwili, nami nitageukia ukutani mpaka umalize, maana ndivyo inavyotakiwa. Kanuni inasema la kuanzia nalitoa mimi, lakini la kudumu kila kituo kijiwekee lake na mimi nisilijue. Kanuni hiyo niliiandika mimi, na nitaivunja mara moja katika maisha yangu. Ukimaliza kuandika, nitajie kwa sauti Mama alivyokuwa akimwita Baba.

Mdogo wako,
Kitinda